Sokwe wa Lubumbashi: wabaki kwenye baridi ya Katanga au warudishwe msituni?

Juni ikiingia, Lubumbashi hubadilika. Asubuhi mvuke hutoka kinywani, na akina mama huwasha mbabula nje ya mlango, makaa yashike vizuri kabla ya kuingizwa ndani. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Katika mji huu wanaishi sokwe (sokwemtu, yaani chimpanzi) waliozaliwa kwenye misitu ya joto ya Kongo, mbali sana na hapa, na kila kipupwe swali hurudi: je, ni haki kuwaweka huku?

Kituo chenyewe ni J.A.C.K., kifupi cha Jeunes Animaux Confisqués au Katanga, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau. Hupokea sokwe na nyani wadogo walionaswa mikononi mwa wafanyabiashara wa magendo. Wengi hufika wakiwa watoto, maana mtoto ndiye anayeuzika. Ili kumpata mtoto huyo, mwindaji humpiga risasi mama, na mara nyingi wengine wanaojaribu kumtetea.

Wanaopinga kituo kuwa Lubumbashi wana hoja nzito, na wakati wa baridi huonekana wazi. Mtoto wa sokwe hunyonya hadi miaka minne au mitano, na miezi ya mwanzo haachi kifua cha mama hata kidogo. Yatima akifika Julai, anachokosa kabla ya maziwa ni joto la mwili. Inabidi mlezi ambebe mchana, alale naye usiku, ampe chupa kila baada ya saa chache. Hapo ndipo penye mtego. Miezi hiyohiyo ya baridi na vumbi ndiyo miezi ambayo mji mzima unakohoa, na sokwe huambukizwa mafua yetu kwa urahisi. Ugonjwa ambao kwetu huisha kwa siku tatu za chai ya tangawizi, kwake unaweza kuwa nimonia na kifo. Kwa hiyo mtu anayempa joto ndiye huyohuyo anayeweza kumuua, na mlezi aliyeanza kupiga chafya lazima akae mbali, hata kama mtoto amemzoea yeye tu na anakataa chupa ya mwingine.

Wakubwa hustahimili zaidi. Sokwe hujitandikia kitanda cha matawi na majani kila jioni, na baridi ikizidi hukumbatiana. Lakini kiangazi miti mingi ya miombo hupukutisha majani, kwa hiyo matandiko hubidi yatafutwe. Nyasi kavu zipo tele, ila nyasi hizo ndizo chakula cha moto. Agosti na Septemba mapori ya Katanga huchomwa, na moshi hufika hadi mjini.

Ukiishia hapo, utasema wahamishwe hata kesho. Mimi nasita, na sababu yangu ya kwanza iko ng'ambo ya mpaka. Karibu na Chingola, Zambia, kuna Chimfunshi, iliyoanzishwa mwaka 1983 na David na Sheila Siddle. Miombo ni ileile, Julai ni ileile, na sokwe zaidi ya 100 wameishi huko. Wanachokipata kule ni ardhi: maeneo mapana ya pori yaliyozungushiwa uzio, ambamo kundi linaweza kutembea na aliyepigwa akaenda kujificha. Baridi peke yake, basi, haitoshi kuwa sababu ya kuhama. Nafasi ndiyo inayopima kama maisha yao ni maisha.

Na kuwarudisha msituni? Wapenzi wa wazo hili hutaja bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe, wa Lola ya Bonobo, kituo cha Claudine André karibu na Kinshasa, ambao baadhi yao walirudishwa kwenye misitu ya mkoa wa Équateur kuanzia 2009. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini sokwe si bonobo. Madume wa sokwe hulinda mipaka yao kwa ukali, na mgeni akiingia wanaweza kumuua. Kule Conkouati, Kongo-Brazzaville, walikoanza kuachiliwa mwaka 1996, baadhi ya madume walishambuliwa na sokwe wa porini. Panahitajika msitu wenye matunda, usio na kundi la wenyeji, na usio na bunduki. Mashariki ya nchi yetu leo, sharti hilo la tatu ni nani atalitimiza?

Masika nayo yana hesabu zake. Mvua zikianza Novemba, uzio wa umeme huhitaji jicho kila siku: majani mabichi yakigusa waya, nguvu ya umeme huvuja ardhini, na sokwe ni mwepesi kugundua kwamba waya hauumi tena. Halafu hufika Januari na Februari, mahindi mapya bado yako shambani, bei ya unga imepanda, na mtu anayehangaikia bukari (ugali) ya watoto wake anauliza kwa nini mnyama apelekewe matunda. Siwezi kumdharau. Kumjibu kwamba fedha hizo hutolewa na wafadhili kwa ajili ya wanyama tu ni kweli, lakini halijazi sufuria. Jibu ninaloliamini ni la kisheria. Sheria ya 1982 ya uwindaji na ile ya 2014 ya uhifadhi wa maumbile zinawalinda wanyama hawa. Ofisa wa ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi maumbile, akikamata mtoto wa sokwe na hana pa kumpeleka, atafanya nini? Atamwacha kwa muuzaji, au mnyama atafia kwenye kreti. Pasipo mahali pa kupokea, hakuna kukamata.

Tena mji una faida zake. Watoto wa shule hufika J.A.C.K. wakamwona sokwe akiwa hai, wakasikia alikotoka. Ukikipeleka kituo msituni, somo hilo linakwisha. Lakini mji una wezi pia. Septemba 2022 sokwe watatu wachanga, César, Hussein na Monga, waliibwa usiku, na waliowateka wakadai fidia. Kituo kilikataa kulipa, na kilikuwa sahihi, maana malipo ya kwanza yangegeuza kila mtoto aliyebaki kuwa bidhaa. Hata hivyo tukio lile linawapa nguvu wanaosema kituo kiko karibu mno na watu.

Kwa hiyo msimamo wangu: wabaki Katanga, lakini si kwa hali yoyote ile. Sokwe huweza kuishi miaka 50 kifungoni, na aliyefika jana akiwa na mwaka mmoja atakuwa hapa miaka ya 2070. Kiwanja kinachotosha leo hakitamtosha. Mkoa ambamo vibali vya kuchimba shaba hutolewa kila kukicha unaweza kutenga pori la miombo nje kidogo ya mji, lenye hati, maji ya mwaka mzima na njia ya kuzuia moto iliyolimwa kabla ya Julai. Na kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako malori hupita usiku na mchana, wakaguzi waulizwe kila mwaka ni wasafirishaji wangapi walihukumiwa, siyo tu ni wanyama wangapi waliokolewa.