Neno Moja Alilolitamka Kiambu

Januari 1960, wakili mweusi kutoka Marekani alifika Kiambu, Kenya, akitaka kuhudhuria mkutano wa viongozi wa Kiafrika. Serikali ya kikoloni ikamzuia kuingia. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliomba angalau awasalimu watu waliokusanyika, akaahidi kwamba hatasema zaidi ya neno moja. Akaruhusiwa. Akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka kwa shangwe.

Wakili huyo ni Thurgood Marshall. Miaka saba baadaye, mwaka 1967, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Nimetazama jinsi maisha yake yanavyoigizwa, na kila nikimaliza nabaki na njaa ileile.

Si kwamba amesahauliwa. Mwaka 1991 televisheni ya Marekani ilionyesha Separate but Equal, mchezo wa sehemu mbili, Sidney Poitier akiwa Marshall katika kesi iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi shuleni mwaka 1954. Mwaka 2008 Laurence Fishburne alisimama peke yake kwenye jukwaa la Broadway katika Thurgood, tamthilia ya mwigizaji mmoja. Mwaka 2017 ikaja filamu ya Marshall, naye Chadwick Boseman akavaa viatu vya wakili huyo katika kesi moja tu ya mwaka 1941 huko Connecticut, ambapo dereva mweusi alishtakiwa kumbaka mke wa mwajiri wake, mwanamke mzungu.

Filamu hiyo naipenda. Ina ujanja mmoja mzuri mno: jaji anamkataza Marshall kufungua kinywa mahakamani, kwa hiyo anayebaki kusema ni wakili mwenzake Sam Friedman, aliyezoea kesi za bima. Shujaa anakaa kimya ubavuni mwake, anaandika vikaratasi, anakodoa macho, anameza hasira. Boseman anaigiza kwa shingo na taya. Lakini hata hapo tunamwona wakili. Watunzi wanapenda mawakili kwa sababu wakili husimama, huzunguka, hunyoosha kidole. Jaji huketi, na watunzi huona kwamba mtu aliyeketi hana mchezo.

Mimi nakataa. Niliwahi kukaa siku nzima kwenye chumba cha mahakama kusikiliza kesi ya shamba la jamaa yangu. Hakukuwa na mashine ya kurekodi. Jaji alikuwa akiandika kila kitu kwa mkono, kwenye karatasi zilizopangwa kando ya glasi ya maji. Wakili alisema sentensi moja, akanyamaza, akaitazama kalamu. Kalamu iliposimama, akasema nyingine. Shahidi mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu, alipofika pale aliposema nani alihamisha jiwe la mpaka, kalamu ilisimama katikati ya mstari. Jaji aliinua macho, akamtazama mzee kwa muda, kisha akarudi kuandika. Chumba kizima kiliacha kupumua. Sijawahi kuona mwigizaji akiufanyia ukumbi jambo kama lile.

Ndiyo maana naona Thurgood imekaribia zaidi kiini cha mtu huyu kuliko filamu. Mtunzi wake, George Stevens Mdogo, ndiye pia aliyeandika na kuongoza ule mchezo wa Poitier, na safari hii aliamua kumweka Marshall mbele ya hadhira, mzee anayesimulia maisha yake. Hilo halikuwa pambo. Marshall alikuwa msimulizi kwelikweli. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeketi naye mahakamani miaka kumi, aliandika mwaka 1992 jinsi hadithi zake katika vikao vya faragha vya majaji zilivyomwathiri. Majaji wengine walileta vifungu. Yeye alileta pia watu aliowatetea Kusini mwa Marekani, watu ambao wenzake hawangekutana nao popote. Kwa miaka 24 aliyokaa pale, mara nyingi alikuwa upande wa wachache, na hukumu ya kifo aliipinga hadi mwisho. Mtu anayejua kwamba atashindwa kwa kura, na bado anaandika sababu zake ukurasa baada ya ukurasa: huo ni mchezo wa kuigiza, tena mkali.

Lakini tamthilia ninayoililia iko London. Baada ya Kiambu, Marshall alielekea kwenye mkutano wa katiba ya Kenya, Lancaster House, akiwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika kwa mwaliko wa Tom Mboya. Jomo Kenyatta alikuwa bado kizuizini. Kazi ya Marshall ilikuwa kuandika rasimu ya sura ya haki. Sasa mfikirie vizuri mtu huyu. Ametumia maisha yake kuwatetea wachache weusi dhidi ya wazungu walio wengi. Amefika mahali ambapo weusi ndio wengi na wachache ni walowezi, waliokalia ardhi ya watu. Naye anaandika kwamba mali ya mtu haitachukuliwa bila fidia. Kwake haki ya mchache ni haki ya mchache, hata mchache akiwa setla mwenye maelfu ya ekari. Mjukuu wa aliyefukuzwa kwenye ardhi hiyo amwambie nini?

Siku hizohizo, tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula iliyohudumia wazungu tu katika duka moja huko Greensboro, North Carolina, wakakataa kuondoka. Duka lilikuwa mali ya mtu. Mwandishi mwenye jicho hahitaji kubuni chochote hapo.

Walowezi nao hawakuridhika. Michael Blundell, kiongozi wao aliyekubali mabadiliko, aliporudi Nairobi alitupiwa vipande 30 vya fedha miguuni, kama Yuda. Na mwaka 1963 Marshall alirudi Kenya, akamfikishia Kenyatta malalamiko ya wafanyabiashara wa Kihindi. Ndugu zake wa jana ndio sasa walikuwa serikali, na swali lake la haki ya mchache lilikuwa lilelile.

Ningependa mchezo huu uchezwe kwa Kiswahili katika Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa. Uanze na "Uhuru!" la Kiambu, ukumbi mzima uitikie. Kisha taa zipunguzwe, abaki mtu mezani London akiandika kifungu cha mali, akisoma kila mstari kwa sauti. Nataka kuwa nimekaa hapo katikati ya watu, nisikie ni nani anayepiga makofi na ni nani anayeguna.