Riba ya BoT na mkopo wa Mwanjelwa

Tangu Benki Kuu ya Tanzania (BoT) iliposhusha riba yake, ile inayoongoza riba za mabenki, kutoka asilimia 6 hadi 5.75 mwezi Julai 2025, wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, wanauliza: mbona marejesho yetu hayapungui? Wapo wanaosema BoT inabania, ingeshusha zaidi.

Hoja hiyo ina uzito. Mfumuko wa bei umekuwa ukizunguka asilimia 3, ukingo wa chini wa lengo la asilimia 3 hadi 5. Nafasi ipo.

Lakini tupige hesabu. Hata benki ikimpa mteja punguzo lote la robo asilimia, kwenye mkopo wa shilingi milioni moja anaokoa 2,500. Kwa mwaka mzima! Mama anayenunua viazi Uyole akichukua milioni hiyo kwa kampuni ya mikopo inayotoza asilimia 3.5 kwa mwezi, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 35,000. Na wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, hata kiwango hicho hawakijali. Robo asilimia haimfikii huyu mama.

Kinachomfikia upesi ni thamani ya shilingi. Mbolea za DAP ya kupandia na Urea ya kukuzia kwa sehemu kubwa zinatoka nje, na dizeli ya malori yanayoshusha viazi Dar vilevile. Aprili 2024, shilingi ikiteleza mbele ya dola, Benki Kuu ilipandisha riba kutoka asilimia 5.5 hadi 6, hatua inayosaidia kuilinda shilingi, na naamini ilifanya sawa. Mkulima wa Mbozi anakutana na dola kwa wakala wa mbolea hata kama hajawahi kuishika; ruzuku inapunguza makali, haiyamalizi.

Pa kuibana Benki Kuu ni kwingine. Leseni za kampuni hizo za mikopo chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 zinatoka kwake. Mwaka 2021 iliyapa mabenki unafuu yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na mikopo ya namna hiyo ipo. Anayeikosa ni mwenye ekari mbili zisizo na hati. Mvua za Novemba zikianza hawezi kusubiri afisa mikopo aje kukagua dhamana, anakwenda kwa anayetoa fedha siku hiyohiyo. Apimiwe shamba, apate hatimiliki ya kimila, na benki iipokee bila kumzungusha: hapo atatoka kwenye asilimia 3.5 ya kila mwezi, jambo ambalo Kamati ya Sera ya Fedha, inayopanga riba ya Benki Kuu, haiwezi kumfanyia hata ikishusha riba mara tatu.