Wametoroka na Mkokoteni Wangu

Hivi mtu akitaka kuchekesha wenzake, ni lazima mkokoteni wangu uhusike?

Jana alfajiri nautafuta nikachote maji, haupo. Simu haipo. Mpwa wangu hayupo. Nikajua tayari, filamu hiyo.

Wiki ya pili sasa yeye na wenzake wanarekodi komedi ya vijana wanaotoroka nyumbani kwa vile hakuna anayewaelewa. Mmoja anaogopa kuku, mmoja ana futi sita na mpira hajui, wa tatu anaongea na mbuzi. Bajeti shilingi elfu kumi na mbili, elfu nane yangu. Ukilalamika unapewa darasa: "Anko, Robert Rodriguez filamu yake ya kwanza, ya 1992, ilimgharimu dola 7,000 hivi, kamera ikasukumwa kwenye kiti cha magurudumu!" Kiti hicho hatuna, mkokoteni upo. "Na Sean Baker, 2015, karekodi filamu nzima kwa simu!" Mabwana hao mimi sijawakosea chochote.

Sasa nafika uchochoroni, wako juu ya ukuta wa Mama Zuhura na begi, godoro na sufuria (naijua, ina kifuniko cha nyingine). Mpwa kalala kifudifudi juu ya mkokoteni, simu mkononi, mdogo wake anasukuma. Kabla sijafungua mdomo, Mama Zuhura kafungua wake: "Mwiziii!"

Mbagala ukelele huo haujibiwi kwa maswali. Wametoka na mipini, mafagio, mmoja na mswaki mdomoni. Yule wa kuku kashtuka, kadondokea bandani. Ukelele alioutoa huko ndani hakuna mwigizaji wa kulipwa angeuweza. Nami nikasimama katikati kiutu uzima: "Ndugu zangu, tusijichukulie sheria mkononi." Msuli niliojifunga kiunoni ukaanza kuachia. Mkono mmoja natuliza wananchi, mwingine nimeshika heshima yangu, nyuma nasikia, "Anko, safi sana! Usiangalie kamera!"

Mjumbe akaja, akataka kibali, akataja na sheria ya filamu ya 1976, sijui kaisoma lini. Akaonyeshwa simu, akajiona anavyotokea kwenye kona. Akanyamaza. Akaomba atokee upya, hakuwa amechana nywele. Mara tatu katokea! Na mimi nimesimama na msuli mara zote tatu, eti picha zifanane!

Mimi nilitoroka kweli, 1994, juu ya lori la nyanya hadi Chalinze. Kesho yake njaa ikanirudisha. Baba alinipokea na mkanda, na haukuwa wa video.

Sasa tairi la kushoto linalia njia nzima, mbwa wananifuata. Simu imejaa, picha ya karatasi ya kiwanja wameifuta, wamebakiza vipande arobaini vya msuli wangu. Nikigusa kimoja nifute, sauti inatoka chumbani: "Anko, hiyo ndiyo trela."