Mgeni wa Amavasya ni Kunguru

Wahenga walisema kunguru hafugiki, na mtu wa Dar es Salaam hahitaji kuambiwa mara mbili. Ananyakua vifaranga, anachakura majalala, na alfajiri anamtangulia jogoo. Basi nilipokuwa mtoto nilishangaa kumwona jirani yetu, mama wa Kigujarati, yuko juu ya paa na sahani ya puri na wali wa maziwa, anambembeleza kunguru aje ale. Nikacheka. Mama akanikata jicho: "Nyamaza, anawalisha wazee wake."

Siku ile ilikuwa amavasya, siku ambayo mwezi hauonekani kabisa. Sisi wa pwani huutazamia mwezi uandame; Wahindu wamewatengea wafu wao siku ambayo angani hamna cha kutazamia. Amavasya huja kila mwezi, ila iliyo kubwa kwa wazee huangukia Septemba au Oktoba, mwishoni mwa Pitru Paksha, majuma mawili ya waliotangulia. Mwaka 2025 ilikuwa Septemba 21.

Mtoto wa kiume hugeukia kusini, upande wa Yama, mungu wa mauti, akamimina maji yenye ufuta mweusi yapite kati ya kidole gumba na cha shahada. Kule Gaya, jimboni Bihar, watu hufurika kando ya mto Phalgu na matonge yao ya wali au unga wa shayiri. (Kwa nini lazima awe wa kiume? Mabinti wameanza kufanya wenyewe, nami nasema wafanye.) Kunguru ni mjumbe wa Yama. Akila, wazee wamepokea.

Lakini kilichonikaa moyoni ni jambo moja. Katika majuma hayo kila marehemu hukumbukwa kwa tarehe ya mwezi mwandamo aliyofia. Siku ya mwisho, Sarvapitri Amavasya, ni ya wote, na hasa wale ambao tarehe zao hazijulikani. Husimuliwa kwamba shujaa Karna, aliyegawa dhahabu maisha yake yote, alipofika mbinguni aliandaliwa dhahabu ale. Hakuwahi kuwapa wazee wake chakula, kwa sababu alitupwa mtoni akiwa mchanga, hakuwajua. Akarudishwa duniani kwa majuma hayo akawalishe.

Babu yangu mzaa baba alifariki "mwaka wa njaa". Njaa ipi? Hakuna aliyebaki wa kuniambia. Tunamsomea hitima pamoja na wengine, jina lake likitajwa harakaharaka katikati ya orodha. Naona wivu kidogo kwa watu waliomwekea mtu kama huyo siku nzima.

Na huyo mjumbe mwenyewe kwetu ni mgeni: aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akaenea pwani yote. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja kwa sumu. Sibishi, ndege wetu wa asili wamepungua kwa ajili yake.

Jirani alingoja hadi karibu adhuhuri, kwake hakuna aliyeonja kitu. Hatimaye akatua mmoja, akadokoa puri, akaruka nayo, kipande kikaanguka juu ya bati letu. Nilitaka kupanda nikakitoe. Mama akanishika mkono, akasema kiache.