Uso wa Metali Hausubiri Elektrodi

Wanaelektrokemia, yaani wanaochunguza kemia inayoendana na umeme, huchora picha ya uso wa kitu kwa kupitisha elektrodi ndogo sana (mikroelektrodi) juu yake, mstari kwa mstari, huku wakipima mkondo wa umeme. Juzi tena, kwenye mjadala wao, nimesikia kauli inayonikera: eti safu za mikroelektrodi, yaani nyingi zilizopangwa pamoja, ni za watu wenye haraka, na mwenye subira atapata picha bora kwa elektrodi moja. Sikubali hata kidogo.

Tupige hesabu. Eneo ni milimita 1 kwa 1, elektrodi inakwenda mikromita 10 kwa sekunde, na mistari imeachana mikromita 10. Kila mstari ni sekunde 100 kwenda na 100 kurudi. Mistari 100 inakula sekunde 20,000, zaidi ya saa tano na nusu. Kwa dhahabu iliyotulia, sawa. Lakini sisi tunatafuta kutu inavyoanza na seli hai zinavyopumua! Shimo la kutu likizuka mahali ambapo elektrodi imeshapita, halimo kwenye picha. Ni kama kumpiga mtu picha paji la uso asubuhi na kidevu alasiri, kisha kuapa kwamba huo ndio uso wake.

Na uso wa metali sio pekee unaobadilika. Elektrodi ya platini yenye kipenyo cha mikromita 25, ndani ya myeyusho wa ferosenimethanoli (kemikali ambayo molekuli zake hutoa elektroni kwenye elektrodi) wa milimola 1 kwa lita, inatoa mkondo wa nanoampia kati ya 3 na 4 tu. Uchafu ukianza kuiganda nchani, mkondo unashuka polepole, na ramani inafifia kuelekea upande mmoja. Msomaji anaona sehemu isiyopitisha umeme, kumbe ni elektrodi iliyochafuka. Kuna ramani nyingi za aina hiyo ninazozitilia shaka kwa sababu hii moja.

Weka elektrodi 8 sambamba, kazi ileile inaisha kwa dakika 42 hivi. Bado si papo hapo, lakini mchakato wa saa nzima unaanza kuonekana.

Halafu kuna mwinamo. Sampuli ikiinama digrii 1, ndani ya milimita moja kimo kinabadilika mikromita 17, na elektrodi inatakiwa kukaa mikromita 12 hivi juu yake. Elektrodi ngumu yenye ganda la kioo itagonga. Ndiyo maana naipenda sana kazi ya kundi la watafiti la Hubert Girault huko Lausanne, Uswisi, na la Gunther Wittstock huko Oldenburg, Ujerumani: elektrodi za mifereji iliyochongwa kwa leza kwenye plastiki nyembamba na kujazwa kaboni, ikipita juu ya sampuli huku ikipinda kufuata uso.

Haya, elektrodi za safu hazifanani, na picha ghafi hutoka na michirizi. Zikikaribiana mno, zinanyang'anyana molekuli. Basi kila moja ipimwe peke yake kwanza, na picha ghafi ichapishwe kando ya iliyosahihishwa.

Na kila picha, ya elektrodi moja au ya safu, iandikwe muda ilipoanza kuchukuliwa na muda ilipoisha, pamoja na mshale wa kuonyesha mistari ilianzia upande gani.