Uso Acha, Funika Mapaja

Mama muuza zabibu alikuwa amejifunga vitenge viwili, kama wafanyavyo wengi wanaoshinda juani pembeni ya barabara ya Morogoro, hapa Dodoma. Kimoja cha kuvaa, kingine cha kazi zote: kufutia jasho, kukalia, kufunikia beseni. Bodaboda ilipogongwa hatua chache kutoka kwenye meza yake, abiria, dada wa makamo, alirushwa mtaroni na gauni likapanda hadi kifuani. Haikupita dakika watu wakajaa. Nilihesabu simu sita zilizoinuliwa, nikaacha kuhesabu. Mama yule akapenya katikati yao, akafungua kitenge cha juu na kukitandaza. Kijana mmoja akamkemea, "Mama usimfunike, watasema amekufa!" Naye bila hata kugeuka: "Uso acha. Nafunika mapaja."

Yule kijana hakuwa na nia mbaya. Barabarani kwetu mtu akishafunikwa gubigubi, habari yake imekwisha, na hata anayesimamisha gari kusaidia huondoa mguu kwenye breki. Kwa hiyo aliye hai anaachwa uchi ili ionekane kuwa yu hai. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka siku ile.

Mimi sikupiga picha, ila nisijipe sifa nisizostahili: simu yangu ilikuwa imezima chaji. Nilipoiwasha jioni, video ilishanitangulia kwenye kundi la mtaa, imeandikwa "mwenye kumjua ndugu yake tafadhali". Tafadhali! Video yenyewe ilichukuliwa kabla ya kitenge. Kama shida ni kumtafutia ndugu, rangi ya gauni na jina la hospitali aliyopelekwa vingetosha. Mapaja yalikuwa yanamtafuta nani?

Wakubwa wa mji huu wanaikumbuka ajali ya treni ya Igandu, Juni 24, 2002, iliyoua watu 281. Miili ilipangwa Uwanja wa Jamhuri ili ndugu waje kuitambua. Waliopita kwenye safu zile wanasimulia hadi leo, kwa sauti ya chini, na wengi hawasimulii kabisa. Huwa najiuliza ingekuwaje kila aliyeingia uwanjani siku ile angekuwa na kamera mfukoni. Utambuzi ulikuwa wa lazima, maiti hazina budi kutazamwa na mwenye msiba. Lakini mwenye msiba alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akijua anakuja kuona nini. Siku hizi msiba unakufuata kwenye daladala, ukiwa umeshika bomba kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine.

Ukilisema hili unajibiwa: ile ni dharura, stara baadaye. Hata hospitalini nimelisikia, na ndiko linakoniudhi zaidi, maana wenye taaluma yao wanajua si kweli. Wahudumu wa dharura hufundishwa kumkagua majeruhi kwa herufi tano, A mpaka E: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya fahamu, halafu hiyo E, ambayo ni kumvua nguo kutafuta jeraha lililojificha. Nguo zikatwe kwa mkasi, sina ugomvi. Jeraha la mgongoni halionekani kwa kumtazama mtu kifuani. Ila E ina nusu yake ya pili ambayo watu wanaisahau: ukishatazama, funika. Mwili uliopoteza damu ukipoa, damu inashindwa kuganda sawasawa, na mgonjwa anazidi kuvuja. Blanketi ni dawa pale. Na anayedhani Dodoma ni joto mwaka mzima aje alale hapa Julai. Tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa usiku unapita chini ya mlango kama una funguo.

Kuna chumba cha dharura nilichokaa usiku mzima, mahali fulani mkoani humu, ambako kila kitanda kilikuwa na pazia. Na kila pazia lilikuwa limefungwa fundo juu, kama shuka ya mtu anayevuka mto. Nikamuuliza nesi kwa nini. "Yanatuzuia kupita," akasema, na hakuwa anadanganya. Walikuwa wawili kwa wagonjwa kama ishirini, na ndugu wamejaa kila upande, kwa sababu ndugu ndiye anayekimbilia dawa, maji, damu na risiti. Huwezi kumwambia mtu atoke nje wakati unamtegemea akanunue glavu. Namuonea huruma yule nesi. Hata hivyo fundo lile halikufungwa usiku ule. Lilikuwa limekaza, lina vumbi. Lilikuwa la miezi.

Usiku huohuo alipitishwa mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mfuko wa mkojo umewekwa mapajani pake kama mkoba. Tukadhani stara ni ya wanawake tu, na mzee mwenyewe alidhani hana ruhusa ya kulalamika. Aliinamisha kofia mpaka ikafunika macho. Hakuwa na kingine cha kujifunikia.

Kumfunika mtu maneno kuna ugumu kuliko kumfunika mwili. Methali yetu ya mficha maradhi imebandikwa kwenye nusu ya zahanati nchini, nami sipingani na wahenga. Naomba tu ieleweke anayefichua anafichua mbele ya nani. Unaulizwa mapokezini, kwa sauti ya kumshinda mtoto anayelia, unatumia dawa gani, hedhi ya mwisho lini, umepigwa na nani. Aliyekuja na fomu ya polisi, ile PF3, anaulizwa kilichompata wakati benchi zima limetega sikio. Kule vijijini ni zaidi. Ukipiga 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ambayo ni ya bure na imeokoa wengi, pasipo na gari la wagonjwa karibu unaweza kubebwa na dereva wa hapohapo aliyejiandikisha. Anamjua mjamzito, anamjua mumewe, anamjua na mama mkwe. Njia nzima ya Bahi anasikia kila kitu. Natamani anayemkabidhi mgonjwa amwambie dereva huyo jambo moja kuhusu masikio yake.

Sheria hatukukosa. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, na habari za afya ya mtu imezihesabu miongoni mwa taarifa nyeti. Vizuri. Lakini sheria haifungui fundo la pazia.

Ninalolijua kwa karibu ni la binti mmoja wa chuo, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu. Ameniruhusu kuliandika, na nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Alishikwa na tumbo saa mbili usiku, akaletwa na baba yake mdogo, mimi nikiwa msindikizaji. Kituo cha kwanza akaulizwa palepale dirishani, "Una mimba?" Baba mdogo yuko kushoto kwake, amemshika bega. Ungekuwa wewe ungejibu nini? Akasema hana. Akaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo, tukarudi nyumbani.

Saa saba usiku alianguka chooni. Tukampeleka kwingine, midomo imepauka, jasho la baridi. Aliyetupokea alikuwa nesi mtu mzima, mnene, anayetembea taratibu kiasi cha kunikera. Akamtazama binti, akamtazama baba mdogo, halafu akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo baba. Naomba ukatukatie kadi dirishani kule mwisho, mimi nampima presha." Baba mdogo akaondoka mbio. Nami nikaonyeshwa mlango kwa kidevu.

Alichomuuliza sikukisikia, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Binti alinieleza baadaye kwamba nesi aliinama hadi sikioni, akauliza kwa maneno manne tu, naye akajibu kwa moja. Ilikuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na mrija ulikuwa umeshapasuka. Nilipochungulia, daktari alikuwa ameitwa, dripu mbili zinakimbia, na nesi yule amenyanyua mikono anahangaika na fundo la pazia kwa kucha, anajisemea peke yake kwa Kigogo.

Baba mdogo akarudi na kadi mkononi, anahema. Akakuta pazia limeshushwa mpaka chini.

"Vipi, kuna nini?"

"Anahudumiwa, baba," sauti ikajibu kutoka ndani. "Kaa hapo kwenye benchi."