Jengo la kijani, bosi yuleyule

Ofisi yetu hapa Tanga ilihamia jengo jipya kule Raskazone, wenyewe wanaliita jengo la kijani, sola juu ya paa, tangi la maji ya mvua, taa zinazima zenyewe mkitoka, feni badala ya AC vyumba karibu vyote. Wiki ya kwanza watu ni selfi tu barazani, hata yule jamaa wa stoo ambaye hajawahi kusifia kitu alisema safari hii wakubwa wametukumbuka. Na mi sibishi, mtu ukipata mwanga na upepo wa bahari, saa nane mchana kichwa hakigongi, unaanza kuhisi kumbe mwajiri anakuona mtu.

Watafiti wa Harvard walitoa matokeo mwaka 2015, waliwaweka wafanyakazi 24 kwenye ofisi ya majaribio kule Syracuse, Marekani, wakawa wanabadilisha hewa bila kuwaambia, na siku za hewa safi walifikiri vizuri zaidi tena kwa mbali. Sasa shika hilo neno, bila kuwaambia. Yani kilichowasaidia ni hewa, sio kibao cha ukutani kinachosema jengo ni la kijani.

Ila kibao nacho kina nguvu yake. Uingereza, watafiti Adrian Leaman na Bill Bordass walichunguza majengo mengi wakaona watu wa majengo ya kijani wanasamehe kasoro kuliko wengine. Kwa mwajiri hiyo ni bahati, lakini ni bahati ya mkopo. Kwetu iliisha Machi, kaskazi imekata na kusi bado, feni zinazungusha joto tu, tukaomba AC tukaambiwa tunalinda mazingira, huku ya chumba cha bosi inanguruma kutwa nzima! Hapo ndo maneno yakaanza, kwamba kijani maana yake kubana LUKU, na hizo hela za umeme zinazookolewa mbona ovataimu hatuioni. Nadhani kwenye jengo la kawaida tungelalamika joto basi, kwenye hili la kijani tulimlalamikia bosi mwenyewe, maana ndo aliyejitangaza.

Kumtetea kidogo, umeme ghali kweli na ofisi inayookoa inaweza isipunguze watu. Sawa. Lakini majengo ya Mjerumani hapa mjini yana kuta nene, dari iko juu huko, baraza pana, ndani baridi bila AC miaka zaidi ya mia sasa, na sijasikia mzee hata mmoja akisimulia kwamba makarani walimpenda Mjerumani kwa ajili ya ule ubaridi.

Cha kuchekesha, kinachosifiwa mpaka leo wala sio sola, ni banda la baiskeli na bafu la kujimwagia asubuhi, si unajua Tanga na baiskeli tena. Lile kabla hawajajenga walipita meza kwa meza kutuuliza.